Rafiki Aliyekataa Kufa Jukwaani

Jua limekwisha kupanda juu ya soko la Kadutu, na cherehani ya Nabintu inakwenda mbio. Miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, midomo inasema maneno ya mtu mwingine. "Marcelline, dada yangu, usiende," ananong'ona, kisha anatikisa kichwa na kurudia kwa sauti nyingine.

Mteja anayesubiri bulauzi hashangai. Soko zima linajua kwamba mshonaji huyu hutunga michezo ya kuigiza akiwa kazini. Serikali imeyafuta majina ya ubatizo kwenye vitambulisho, lakini majirani bado wanamwita Nabintu kwa lake: Maman Colombe.

Hatua chache kutoka mezani pake, Marcelline mwenyewe anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Yu mzima, na amekasirika.

"Jumapili unaniua, Jumatatu unakuja kula sambaza yangu," anasema bila kugeuka.

"Hapana weye niliua. Ni ule wa mu teatre."

"Na ule wa mu teatre anaitwa nani?"

Colombe anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Wawili hawa walikulia nyumba zinazotazamana huko Cimpunda. Kila sikukuu hununua kitambaa kimoja, wakakigawa, na Colombe akashona nguo mbili zinazofanana, ili kila awaonaye ajue ni marafiki. Mchezo wake unasimulia maisha hayo kwa majina yao halisi. Mwishoni Marcelline hufa mikononi mwa rafiki yake, na ukumbi wa parokia hulia.

Kilio hicho ndicho kilicholeta balaa. Mwezi uliopita habari ya kifo ilifika kijijini Mumosho, lakini neno "mchezo" lilikuwa limedondoka njiani. Shangazi wawili wa Marcelline wakaja na ndizi za matanga, wakiomboleza tangu barabarani.

"Nabaangalia banalia, miye niko na kijiko mukononi," Marcelline anasimulia. "Tantine mumoja akaniona, akaendelea kulia. Anasema ndizi ilikuwa nzito, hawezi kurudia kwake bila kulia."

Anacheka, lakini amekwisha kutoa neno lake: akiuawa tena Jumapili hii, hatavaa tena kitambaa kimoja na Colombe. Mtaani hapa hakuna asiyejua uzito wa maneno hayo.

Colombe ana hoja yake. "Urafiki wa maisha yote, mutu atajua namna gani kama ulifika mwisho, kama hakuna mwenye anakufa?"

Ni swali la haki. Watunzi wengi hulijibu kwa kaburi, kwa kuwa kifo huthibitisha upesi kile ambacho miaka huthibitisha polepole, tena pasipo machozi.

"Andika tunazeeka," Marcelline anamjibu. "Ama unaogopa?"

Kifo Colombe alikitunga kwa jioni moja. Uzee ukamshinda karibu juma zima. Ulimjia Ijumaa ukumbini, waigizaji walipokuwa wakijaribu mavazi. Marcelline alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba hafi. Colombe akamwomba amsaidie kutunga uzi sindanoni. Mmoja akashika sindano, mwingine uzi, na wote wawili wakakosa tundu.

"Sindano inatetemeka," Colombe akasema.

"Hapana sindano, Maman. Ni weye."

"Miye? Weye hata mulango wa kanisa unaukosa."

Waigizaji waliokwisha kujifunza kulia wakacheka hadi wakakaa chini. Colombe hakucheka. Alikuwa ameuona mwisho wa mchezo wake: vikongwe wawili, kitambaa kimoja, sindano isiyoingia uzi.

Msichana aliyekuwa akimwigiza Marcelline amepewa kazi nyingine. "Hajui kutukana Colombe vile inafaa," Marcelline anaeleza, na nafasi ameichukua yeye mwenyewe.

Jumapili watapaka unga wa muhogo nyweleni wapate mvi. Colombe anataka mchezo huo urudiwe kila mwaka. "Tutaucheza mupaka siku hatutaomba tena unga," anasema.

Marcelline anageuza sambaza, anamtazama rafiki yake kichwani kwa makini.

"Weye," anasema, "utaacha kupaka unga kabla yangu."