Glavu ya Baba Eda

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale Tunduma kununua misumari, na harufu ya glavu za ngozi zilizoning'inia mlangoni ikanisahaulisha misumari yenyewe. Ngozi na mafuta ya mashine. Msinicheke, wenzangu, na umri huu wote, nilirudi kuwa mtoto wa darasa la tano.

Mwaka ule tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Chapwa. Jirani yetu alikuwa Baba Eda, aliyefanya kibarua cha reli pamoja na baba. Walitoka huko na jozi moja ya glavu, wakagawana: baba ya kulia, yeye ya kushoto. Kazi ya miiba ikitokea, ilibidi waifanye wawili.

Shuleni, kila Ijumaa mwalimu alitusomea kwa Kiswahili kitabu cha Kiingereza kilichovuka mpaka kutoka Zambia, hata jalada hakina. Kilisimulia mashujaa wapanda farasi waliovaa chuma mwili mzima. Shujaa akitukanwa, alitupa glavu miguuni pa adui yake. Adui akiiokota, basi amekubali: asubuhi watakutana uwanjani, na mmoja hatarudi kwake. Mwalimu alisoma kwa sauti ya chini hadi tukasikia mbuzi wakitafuna nje. Mimi niliamini kila neno, farasi na yote.

Sasa, Jumamosi moja mchana baba alimshutumu Baba Eda kwamba amesogeza minyaa ya mpaka hatua tatu ndani ya kiwanja chetu. Walibishana kwa Kinamwanga cha nyumbani, kisha wakahamia Kiswahili, na hapo nikajua mambo yameharibika. Baba Eda akachomoa glavu yake mfukoni, akaitupa miguuni pa baba.

"Chukua na hii. Sishirikiani tena na wewe. Kesho asubuhi tukutane hapa hapa."

Baba akainama. Moyoni nilimsihi asiiokote. Akaiokota, akaikung'uta pajani.

"Tutakutana," akasema.

Nilikimbilia jikoni. "Mama, baba ameokota glavu."

"Ulitaka aiache iliwe na mbwa?" Mama akaendelea kupepeta ulezi wake.

Hofu ile siwezi kuieleza vizuri hata leo. Nilimtazama baba akila, nikawa naukariri uso wake ili nisije nikausahau. Kabla jua halijazama nilichukua panga lake, nikalisukuma ndani ya mahindi kwenye kihenge hadi mkono ukazama mpaka begani. Bila panga, nilijiambia, hataenda.

Asubuhi alilitafuta chini ya kitanda, darini, nyuma ya mtungi, akigombeza nyumba nzima. Hakulipata. Akaenda hivyo hivyo, na zile glavu mbili mkononi. Nilimfuata hadi pembeni ya choo, na kutoka pale nikamwona Baba Eda amesimama kwenye minyaa na panga, makali yanang'aa, ametoka kulinoa. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimempeleka baba yangu mikono mitupu. Nilitaka kukimbilia kihenge, miguu ikakataa. Nilitaka kupiga kelele, nikabaki nimeng'ata kola ya gauni.

Baba alifika, akasimama. Baba Eda aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Kisha akachoma panga ardhini, akanyoosha mkono, akarudishiwa glavu yake. Hadi saa sita walikuwa waking'oa minyaa na kuipanda upya pamoja, mmoja na mkono wa kulia, mwingine wa kushoto.

Miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa baba, Baba Eda, mzee sasa, aliniita nikae karibu naye.

"Siku ile ya mpaka sikuja kuongea, mwanangu. Nilikuja kumkata. Nikaona hana panga mkononi, nikasema, kumbe mwenzangu ananiamini hivi?"

Nilipokuwa mkubwa nilizoea kujicheka kwa ule ujinga wa glavu. Kumbe kijiji kizima ni mimi peke yangu niliyeogopa inavyostahili. Neno kwamba panga nililificha mimi lilinifika mdomoni, nikalimeza, nikammiminia chai. Baba naye alikuwa amelimeza. Siku zile, mahindi yalipokaribia kwisha kihengeni, alilikuta panga lile. Alilipangusa vumbi, akanitazama kitambo, akaenda nalo kukata kuni.