Wakina Mwanaisha Haji Wanne na Orodha Yangu Safi

Niliaibika, sitaficha, tena mbele ya wanawake arobaini wa Kiwengwa waliokwishavaa nguo za kuingilia baharini, kila mmoja akinitazama kama aliyemkuta mgeni sebuleni kwake. Nasimulia mwenyewe kwa sababu ndugu zangu wa Jang'ombe wameshaanza kuusimulia mkasa huu vibaya, na wote wanaishia pale nilipoaibika.

Kikundi chao cha wakulima wa mwani kilinipa kazi ya kuliingiza daftari la wanachama kwenye kompyuta, ili siku ya kugawa kamba mpya za kupandia mwani programu itoe majina nami niite. Mimi (mtu wa mpangilio, hata mitandio yangu imepangwa kwa rangi) niliwaahidi orodha safi. Programu yenyewe siku hizi huandikwa na akili mnemba, wewe unaiagiza tu unachotaka. Daftari lilishapita mikononi mwa makatibu watatu na baadhi ya watu wameandikwa mara mbili, basi nikaagiza, nikijiona fundi: "Futa majina yaliyojirudia." Ikamaliza kwa dakika moja, wala sikutazama imefuta nini, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kugawa ilikuwa ya bamvua, maji yamekupwa mbali na yana saa chache kabla ya kurudi. Asiyepata kamba asubuhi ile hapandi mpaka bamvua lijalo. Tulikuwa kwenye darasa la skuli. Nikaita, "Mwanaisha Haji!"

Wakasimama wanne.

"Hapa yumo mmoja tu," nikasema (naiamini mashine kuliko macho yangu).

"Yupi?" akauliza Bi Pili, mwenyekiti wao. "Mke wa Vuai, binti wa Mzee Makame, huyu mrefu, au huyo anayekucheka?"

Badala ya kuomba radhi nikafungua kompyuta palepale, nikaandika mbiombio: "Watofautishe kwa namba ya simu." Wakina Mwanaisha wakarudi wote orodhani, lakini sasa wakapotea wanaotumia simu moja: mama na binti, na wake wenza wenye simu ya mume. Bi Mize hayumo, mke mwenzake yumo.

"Nlijua!" akapiga kelele Bi Mize. "Hata kompyuta inampenda yeye!"

Darasa zima likaangua kicheko, nami natafuta pa kuuweka uso.

Bi Pili akavuta kiti karibu yangu. "Mwanangu, hiyo umeiagiza kama mtu wa nyumbani. Inamjua nani hapa?"

"Nyinyi mnatambuana kwa nini, Bi Pili?"

"Kwa shamba. Kila mtu ana lake huko baharini, hakuna wawili wenye shamba moja. Si limo daftarini?"

Limo. Ni ile safu ya pembeni niliyoiambia mashine iiruke, nikiiona haina maana.

Nikaandika upya: "Soma daftari zima, pamoja na safu ya mashamba. Shamba moja ni mwanachama mmoja. Majina au simu zikifanana, waache wote. Shamba likitokea mara mbili, nioneshe mistari yote miwili, usubiri jibu langu. Mwisho linganisha orodha na mashamba. Likikosekana hata moja, simama uniambie ni lipi."

Nikamsomea Bi Pili kabla ya kutuma. "Kwamba isifute mtu, liseme mwanzo kabisa," akasema. Nikaliweka mwanzo.

Mashine ikaniuliza juu ya mistari mitatu, wenyewe wakajibu kwa pamoja, na nilipoita tena hakusimama mtu bila kamba zake. Wakatoka wanakimbia, Bi Mize mbele, maji bado yako mbali.

Ukurasa ule wa maagizo sasa umeombwa na vikundi vingine viwili vya pwani, nami nautoa kwa fahari, ingawa mstari wa kwanza si wangu. Na nimejiapiza: situmi agizo kabla sijalisoma kwa sauti mbele ya mtu anayeijua kazi yenyewe, na akinambia "sijafahamu," nafuta, naanza upya.