Buibui la Mama Juu ya Paa

Mkasa huu nikiukumbuka naona haya mpaka leo, lakini bora niuseme mwenyewe kabla mke wangu Salma hajautia chumvi.

Mwaka wa sitini na sita ndiyo kwanza tumehamia Matrah, Omani, kutoka Unguja, na kichwani nina mambo mawili tu: kamera yangu, na Salma, binti wa jirani, ambaye Ijumaa mama alikuwa aende kuniposea. Basi tetere akajenga kiota kwenye ukuta baina ya paa letu na lao, nami nikataka picha yake akilisha makinda. Nikachukua buibui kuukuu la mama, nikalitundika kwenye vijiti nijifiche ndani, na kila siku nikalisogeza hatua moja ndege alizoee (akili nyingi huondosha maarifa).

Sasa kule mwanamume hapandi paani mpaka aite "Ya Satir", wanawake wa jirani wajisitiri. Siku zote nikiita. Jumatano nikaona nikiita tetere ataruka, nikapanda kimya.

Nimeshapiga picha tatu namsikia Bi Zuwena, mamake Salma, ananipa salamu. Ningejibu kwa sauti ipi? Kumbe siku zote hizo buibui lile akilidhani mwanamke, "mgeni wetu", kakaa juani, hasemi, na leo anatikisika, akajua ni homa, akavuka ukuta na birika, akanimwagia maji kichwani kwa huruma, kisha akanifunua.

Ukunga alioupiga ulijaza watu uchochoroni, na habari ikaenea kuwa nimevaa buibui nipige picha wake za watu. Mama akalia, akaniuliza Ijumaa ataingia kwao na uso gani.

Nikaisafisha filamu mwenyewe, nikampelekea Mzee Nassor, babake Salma, picha zote. Akazitazama moja moja: tetere, makinda, tetere tena, na ya mwisho maji matupu ya birika la mkewe.

"Saa ile binti yangu alikuwa nyuma ya ndege huyu, anaanika nguo," akasema. "Hukumwona?"

"Wallahi sikumwona."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mwambie mama yako Ijumaa tunamngoja."

Tangu siku ile naita "Ya Satir" hata kwenye paa langu mwenyewe lisilo na mtu, na tetere wakitaka kuruka na waruke. La buibui Salma alishanisamehe zamani. La kutomwona, bado.