Safu ya Ruhusa

Mimi ni mtunza stoo wa chuo, elimu yangu ni darasa la saba. Kazi ya kuandika mahudhurio ya timu ya kikapu ya wasichana nilipewa kwa sababu mipira inakaa kwangu. Sikudhani daftari lile lingempangia mtu nafasi.

Kocha alikaa nami kupanga kikosi cha msimu ujao. Kati ya watano wa kuanza ilibaki nafasi moja. Binti anayetoka kijiji cha Msanzi ana shabaha kuliko mwenzake, lakini tangu mavuno yaanze nilikuwa nimemwandika hayupo. Mwenzake anakaa mjini na wazazi wake, watumishi waliotoka Mbeya, na hajakosa hata siku moja.

"Yuko shambani kwao," nikasema. "Ada yake inatoka humo humo."

"Na huyu anayekuja kila siku? Kosa lake ni baba yake kutolima?"

Nikalifunga daftari. Kocha akaamua wa mjini aanze, wa Msanzi aingie robo ya pili. Akaniagiza niongeze safu ya ruhusa ya mavuno.

Nilikuwa naichora kwa rula alipokuja yule wa mjini kuchukua mpira.

"Shikamoo, mzee. Sasa mimi nisiye na shamba, nikiumwa utaniandika wapi?"

"Marahaba," nikasema, nikakata neno "mavuno", nikaacha "ruhusa".

Orodha ya kikosi ilikuwa imeshabandikwa mlangoni. Wa Msanzi alikuwa bado kwao, akipukuchua mahindi.