Kamba Ilipokatika Nzahaha

Mama mkwe wangu alikulia Bukavu, na sauti yake ndiyo inayoendesha nyumba yetu ya Kamembe. Mimi humwita Maman, na nikimjibu huinamisha macho. Siku aliyofiwa na shangazi yake kule Nzahaha, mume wangu, ambaye ni fundi wa magari, alikuwa safarini. Nikachukua gari letu la jipu, nikampeleka mazikoni.

Tulianza kurudi alasiri, mvua ikiwa imetoka kukatika. Udongo ulikuwa unateleza kama sabuni. Kwenye kona moja ukingo wa barabara ukamomonyoka, magurudumu ya kulia yakashuka, gari likainama upande wa bonde. Kupitia dirisha la Maman niliona vilele vya migomba, chini kabisa. Nikatia gia nzito ya magurudumu manne, nikagusa mafuta kidogo tu. Tukateleza kuelekea bondeni. Nikaondoa mguu upesi, nikavuta breki ya mkono.

"Maman, pitia mlango wangu. Polepole."

Alipita akitaja jina la Mungu, kitenge chake kikinaswa kwenye gia.

Jipu letu lina winchi mbele, mashine ya kulivuta kwa kamba ya chuma. Mume wangu alikuwa amenifundisha kuitumia, akirudia neno moja kila mara: kamba ya chuma iliyokazwa haina rafiki. Nikavaa glavu, nikazungusha mkanda mpana kwenye mkaratusi uliokuwa mbele yetu, upande wa mlima, nikafunga kamba. Nikaitandikia gunia lililolowa ili ikikatika isiruke juu. Nikafungua boneti iwe ngao ya kioo. Wakulima walikuwa wamekusanyika na majembe yao; nikawaomba wasimame mbali, mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Kisha nikarudi ndani kushika usukani, kitufe cha winchi mkononi.

Kamba ikakaza. Gari likapanda kidogo, likaguna. Nikachungulia pembeni mwa boneti, nikamwona Maman. Alikuwa amewaacha wakulima, amesimama kando ya kamba, anatazama kama mti utang'oka.

Nikaachia kitufe. Lakini uzito wote wa gari ulikuwa bado unaning'inia pale.

"Toka hapo! Toka!"

Akageuka taratibu. "Uko nasema na mimi?"

"Ndiyo, weye! Toka haraka!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Hakusogea, nadhani hasira ilimgandisha. Mama mmoja mkulima akamkamata mkono, akamvuta kwa nguvu hadi wote wawili wakaanguka kwenye matope. Wakati huohuo ukingo ukamomonyoka tena, na kamba ikakatika.

Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Gunia likarushwa, boneti ikapigwa ikabonyea, na majani pale alipokuwa amesimama Maman yakalala yamekatwa. Gari likashuka nami ndani. Nilikanyaga breki, lakini breki haikushika kitu. Nikafumba macho. Jiwe ndilo lililotuzuia.

Nilitoka nikitambaa. Wakulima walichimba upande wa mlima hadi gari likakaa sawa, wakajaza mawe chini ya magurudumu ya kulia. Nikapunguza upepo wa matairi ili yashike udongo. Halafu ikabidi niingie tena, peke yangu. Naweza kusema sijawahi kuogopa namna ile, kwa sababu safari hii nilijua kinachoningoja. Gia nzito, mguu mwepesi, bila kusimama. Gari likapanda.

Njia nzima hadi Kamembe matope yalimkaukia Maman shavuni wala hakuyafuta.

Mume wangu aliporudi, Maman alimwambia mbele yangu: "Bibi yako alinipigia kelele mbele ya batu."

Nikatazama sakafu, nikingoja.

"Angenyamaza, mungekuwa munanizika," akasema, akainuka kwenda kuswali.

Mume wangu amefunga kamba mpya. Nikiisikia inakaza anapoijaribu uani, huwaita watoto wetu waingie ndani, na mimi hufunga mlango.