Shemeji Kunguru na Kiraka cha Bunduki

Mdogo wa marehemu mume wangu, fundi seremala, tulimwita Kunguru, na jina hilo hakulichukia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na yeye aliukimbiza mchana kutwa. Aliogopa mbwa waliofungwa, aliogopa ngazi, aliogopa kupokea simu ya namba asiyoijua. Gari la polisi likipita aliweka randa chini mpaka lipotee, kana kwamba kupiga randa ni kosa. Lakini viti na makabati yaliyotoka kwenye karakana yake, nyuma ya nyumba yetu, watu waliyapapasa kwa kiganja kabla ya kuuliza bei. Sikupata kusikia mteja amerudisha kazi yake. Nayaandika haya kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyelala rumande, na wanaosema vingine hawakuwepo.

Marehemu aliacha bunduki moja yenye leseni, ya kufukuzia nguruwe shambani. Risasi zilichukuliwa na polisi wiki ya msiba. Bunduki yenyewe ilingoja mirathi, nayo ilipokwisha nikaambiwa niipeleke kituoni Jumatatu. Ilikuwa juu ya kabati la nguo, imeviringishwa kwenye blanketi. Nikamwomba shemeji anishushie. Alipanda kiti uso ameugeuzia ukutani, kama mtu anayeshika nyoka, akavuta blanketi, na bunduki ikachomoka upande wa pili ikaanguka kwenye saruji, kitako chini. Akaruka kutoka kitini, akatua juu ya kipande cha mti kilichomeguka. Kikasagika chini ya kiatu chake.

Pengo lilikuwa kwenye ncha ya kitako, dogo kama ukucha wa kidole gumba, jeupe kama jino. Siku nyingine lingekuwa pengo tu. Lakini wiki iliyotangulia majambazi walikuwa wamevunja ghala la nafaka, wakampiga mlinzi kwa kitako cha bunduki mpaka akazirai, na mji mzima ulijua kwamba polisi waliokota vipande vya mti pale sakafuni.

"Shemeji, watasema ni mimi," alisema.

Nikamjibu kwamba majambazi wa kumwogopa kuku bado hawajazaliwa. Hakucheka. Nikamwambia azibe pengo. Sikukusudia kupeleka kitu cha mume wangu mbele za watu kikiwa kimemeguka, na maswali sikuyataka.

Akafungua skrubu, akatenganisha mti na chuma. Chuma nilikiweka chini ya godoro langu, na tangu hapo sikupata usingizi wa maana. Mti akaingia nao karakana, akafunga mlango na dirisha kwa komeo. Ulikuwa umekunywa mafuta na jasho la mikono miaka mingi, na gundi haishiki penye mafuta. Akaniomba chaki, kwani nilikuwa mwalimu mkuu na kwangu hazikosekani. Akazisaga, akajaza unga wake kwenye pengo, akasogeza pasi ya moto juu yake bila kugusa. Unga ukanyonya mafuta ukawa kahawia, akaufuta, akajaza mwingine, hivyo hivyo mpaka ukabaki mweupe. Kisha akafungua kibati cha chuma kilichofunika mwisho wa kitako, akachonga kwa patasi kijipande kutoka ndani, mahali pasipoonekana.

"Mti wa dukani utakuwa mgeni," alinong'ona. "Huu ni ndugu yake wa damu."

Akakigeuzageuza mpaka nyuzi zake zikafuatana na za kitako, akakigandisha, akakikaza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila mtu alipopita barabarani, shemeji aliacha kupumua, nami nikaacha naye.

Balaa lilikuwa rangi. Kwa kidole hukukihisi kiraka, ila kwa jicho kilikuwa kinakukodolea. Alichemsha chai ya rangi mpaka ikawa kama lami, akapaka, akaongeza dawa ya kahawia ya kutia mbao rangi kidogo kidogo, kila mara akifuta kwa kitambaa kibichi, kwani mti mkavu huficha rangi utakayoiona ukishatiwa mafuta. Chini ya taa vikalingana. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa mezani. Rangi iliyolinganishwa kwa taa, alisema, husaliti juani, na kituo cha polisi kina madirisha makubwa. Ilibidi kitako kitolewe nje, uani, mchana kweupe.

Tulitoka nacho tukinyata katika uwanja wetu wenyewe. Hatukufika mbali. Jirani yetu fundi cherehani, tuliyempa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima, alichungulia juu ya ukuta.

"Jirani, huo mguu wa kochi?"

Nikasema fundi anapima rangi, asisumbuliwe.

"Hilo kochi lina mguu mmoja?" akauliza, akacheka, akatoweka. Cherehani yake haikusikika tena alasiri yote.

Juani kiraka kilikuwa chekundu mno. Shemeji alishika brashi kwa mikono miwili, akaongeza weusi tone kwa tone, akasugua mafuta ya kitani kwa kiganja, mwisho akapunguza mng'aro kwa majivu laini, kwa kuwa kitako cha zamani haking'ari. Nami niliyekiona miaka yote nikashindwa kuonyesha palipomeguka.

Jumatatu, bunduki ikiwa imeunganishwa tena, tuliipeleka sote wawili kituoni. Afande alisoma namba yake, akachungulia mtutu, akapitisha kiganja kwenye kitako. "Imetunzwa," akasema. Nikachukua mkoba wangu. Shemeji hakusogea.

"Afande, hapo pana kiraka. Nimekitia mimi."

Afande akatafuta, akageuza kitako dirishani, asione. Shemeji akaomba bisibisi, akafungua kibati, akamwonyesha kovu jipya ndani, akaeleza yote, kiti na blanketi na kiatu. Afande akaingia na bunduki ndani, akafunga mlango. Kwenye benchi nikamuuliza shemeji kama ana wazimu.

"Shemeji, nikinyamaza nitaogopa mpaka nife," akasema. "Nikisema, nitaogopa mpaka jioni."

Nilitazama ule mlango nikaliona jina la mume wangu likiandikwa upande wa pili wake.

Afande alirudi na uso usiosomeka. Vipande vya ghalani, alisema, ni vya mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi, haviwahusu. Kisha akaniangalia mimi. "Mama, leo mchana nilikuwa nije kwenu. Kuna aliyeniletea habari za kochi la mguu mmoja."

Nikawaza lingetukuta nini nyumbani kama tungenyamaza. Afande akachukua bisibisi arudishe kibati. Shemeji akafunika kibati kwa mkono.

"Hapana, afande. Utaukwaruza mti."

Akarudisha mwenyewe, vidole vikitetemeka hivi kwamba skrubu ya pili ilimponyoka ikabingirika chini ya meza. Aliyeinama kuiokota ni afande.