Muke ya Muzee

Leo asubuhi mjukuu wangu Solange alishika mlango wa nyumba yetu, hapa mtaani Kamalondo, akakataa kwenda shule.

Wiki nzima alisema tumbo linamuuma, na chakula, hata bukari, ugali wetu, alikiacha. Nilimpa dawa ya minyoo.

Leo nikamsindikiza mwenyewe.

Langoni mwa shule, wasichana watatu wa darasa lake walikuwa wakimngoja.

"Muke ya muzee, bwana amekula bukari?"

"Mumuache, iko na masuruali ya bwana ya kufula," mwingine akadakia, kana kwamba Solange ana mume wa kumfulia nguo.

Solange alitazama viatu vyake. Hakulia. Alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililonitisha.

Niliwapeleka wote watatu kwa mwalimu wao. Mmoja akajitetea bila aibu:

"Mwalimu, kambo yake njo alimwita vile."

Ni kweli, kambo, yaani babu yake, ndiye aliyeanza. Siku moja ya mvua mume wangu alimpelekea mwavuli, akapaza sauti langoni: "Muke yangu, kuja!"

Kwetu babu humtania mjukuu wa kike hivyo, na bibi humwita mke mwenza. Nami niliitwa hivyo utotoni. (Akina babu mnaosoma hapa, mnajijua.)

Wasichana waliadhibiwa, kama ilivyostahili.

Mchana nilimweleza mume wangu. Alimngoja Solange mlangoni mpaka aliporudi.

"Sasa nikuite nani?" akamwuliza.

Solange alifikiri kidogo.

"Ku nyumba, muke yako. Ku masomo, Solange."

Kisha akanawa mikono, akaomba bukari.

Ninyi wenye wajukuu, mnawaitaje langoni?